Mbunifu aanzie bondeni

Mmetuuliza wiki hii kama shamba la mbali lina cha kumpa mbunifu wa mavazi na mapambo. Mimi nashona mikoba ya ukili, yaani utepe wa majani yaliyosukwa, hapa Unguja, na karibu yote ninayoyajua nimeyatoa Pemba, kijijini kwa bibi yangu. Jibu langu ni ndiyo, ila si kwa njia inayodhaniwa na wengi.

Wengi hupiga picha bonde la mpunga, wakaenda kuichapa kwenye kitambaa. Sikatai, hupendeza. Lakini bonde lina zaidi ya sura. Pemba ni vilima na mabonde, na mikindu hupenda majimaji ya huko chini. Bibi hukata makuti machanga kabla hayajafunguka, huyaanika mpaka yawe meupe, huo ndio ukindu, kisha huyachana vipande vyembamba, ndizo chane. Upana wa chane ndio unaoamua kila kitu. Chane nyembamba hutoa ukili laini wa mkeka au msala. Kwa majamvi na makanda hutumia miyaa, majani ya mmea mwingine, ambayo ni magumu zaidi. Na kwa kuwa chane hupishana mshazari, duara halitoki hata ulazimishe. Hutoka pembe, miraba, mistari iliyolala upande. Mapambo ya mkeka hayakubuniwa kwenye karatasi, yamezaliwa na jani lenyewe.

Rangi nazo zilitoka huko huko: nyeusi ya mizizi ya mdaa, njano ya bizari ya manjano. Siku hizi wengi huchemsha rangi ya unga ya dukani.

Hata kwenye kanga, lile umbo la tone lililopinda asili yake ni vitambaa vya Bara Hindi, lakini lilipofika pwani tuliliona la shambani kwetu tukaliita korosho.

Mwaka mmoja nilipokea oda katikati ya masika, nikaharakisha. Mikoba 12 ikaota ukungu kabla mteja hajaitumia, akairudisha yote. Bibi hakunigombeza. Aliushika mmoja, akaunusa, akaniuliza, "Mjukuu wangu, ukindu huu uliuanika siku ngapi?" Tangu hapo nanunua ukindu wa kaskazi, jua likiwa kali, na mteja wa masika namwomba asubiri.

Linaloniuma ni wabunifu wanaokwenda shamba asubuhi wakarudi jioni na mkeka mmoja, wakaunakili kwa plastiki. Wakae. Wachane ukindu mpaka vidole viume, waone pima moja ya ukili inakula muda gani, ndipo wapange bei ya kumlipa msukaji.

Mkoba nilionao mapajani sasa hauna rangi ya dukani: chane nyeupe kwa nyeusi ya mdaa, ukili wa upana wa vidole vinne, na mshono wa kuunganisha nimeuacha nje uonekane, kama bibi anavyoshona mikeka yake.