Jibu: Nanook of the North darasani, na kwa nini watu wanaonekana wakikimbia

Ndugu, umeuliza kama filamu hii bubu ya 1922 ni ushahidi halisi wa utamaduni wa Wainuiti wa Kanada, na kwa nini kwenye nakala yako watu wanatembea mbiombio.

Ionyeshe, lakini watayarishe wanafunzi kwanza. Mhusika mkuu, Nanook, jina lake halisi ni Allakariallak. Robert Flaherty, mwongozaji wa filamu, alitaka maisha ya kale, kwa hiyo walrasi (mnyama mkubwa wa baharini) anawindwa kwa chusa wakati wenyeji walishazoea bunduki. Tazama kwa makini pale ndani ya iglu (nyumba ya theluji): mwanga ni mwingi mno. Iglu ya kawaida ilikuwa finyu na yenye giza kwa kamera ya wakati ule, basi ikajengwa kubwa na kukatwa nusu. Familia inavua nguo ilhali baridi ya nje imewazunguka! Lakini ustadi wa kukata matofali ya theluji na kuweka dirisha la barafu ni wa kweli kabisa, na hapo ndipo somo lilipo.

Kuhusu kasi: filamu bubu nyingi zilipigwa kwa fremu (picha moja moja) 16 hadi 20 hivi kwa sekunde, lakini mashine za filamu za sauti huzungusha 24, ndiyo maana watu wanaonekana wakikimbia. Futi 1,000 za mkanda wa filamu wa milimita 35 zina fremu 16,000: kwa fremu 16 kwa sekunde ni dakika 16 na sekunde 40, kwa 24 ni dakika 11 hivi tu. Punguza kasi ya kichezeshi iwe 0.75, upate fremu 18. Mwendo ukiwa mzito kama wa majini, nakala ilisharekebishwa kasi, rudisha kichezeshi kwenye 1.