Kabla hujaisifu seriamu, hesabu nikeli yako

Wiki iliyopita dada mmoja anayesoma uzamili Nairobi aliniandikia: "Kaka, naanza utafiti wa aloi (mchanganyiko wa metali) za nikeli na titaniamu, zile zinazokumbuka umbo. Nataka kuongeza madini adimu. Nichukue seriamu au gadoliniamu?" Nilimjibu kwa mistari mitatu, kisha usingizi ukanipaa. Kwa swali hilo hilo nilipoteza mwaka mzima wa masomo yangu ya uzamivu (PhD).

Nilikuja China kutoka Mbeya nikiwa na hamu ambayo najua wengi wenu mnayo. Nikeli ipo Kabanga kule Ngara, madini adimu yapo Ngualla mkoani Songwe, na mchanga wa pwani yetu una titaniamu. Waya wa aloi hii ukiupinda ukiwa baridi, ukautumbukiza kwenye maji ya moto, unajinyoosha wenyewe mbele ya macho yako. Madaktari wanaitumia kunyoosha meno na kutanua mishipa ya damu iliyoziba. Nilitaka nirudi nyumbani nikiwa na aloi yangu mwenyewe.

Nilichagua seriamu. Inakaa ndani ya mafuta kwa sababu hewa inaila, na ukiikwangua inatoa cheche. Ndiyo hiyo iliyomo kwenye jiwe la kiberiti cha gesi. Nilikwangua lile ganda jeusi, nikapima, nikayeyusha kwa tao la umeme ndani ya agoni, gesi isiyoidhuru metali, nikageuza donge mara tano ili lichanganyike sawasawa. Miezi ya kukata na kung'arisha naiacha.

Aloi yangu ya mwanzo ilikuwa na nikeli asilimia 50.7 ya atomi. Kwa kila atomi 100 niliongeza moja ya seriamu. Nikaweka kipande kwenye mashine ya DSC, inayochora joto likiingia na kutoka aloi inapogeuka kutoka umbo lake la baridi kwenda la moto na kurudi. Kilele cha mchoro, yaani joto la kugeuka, kilikuwa kimepanda zaidi ya nyuzi 40. Nilipiga simu nyumbani usiku ule ule. Mama hakuelewa nasema nini, lakini alishangilia.

Kwenye semina ya idara nilisimama nikasema seriamu imeimarisha martensaiti, yaani lile umbo la baridi la aloi. Profesa mmoja mzee akauliza swali moja tu: "Nikeli iliyobaki kwenye mwili wa aloi ni kiasi gani?" Sikuwa na jibu. Msimamizi wangu, aliyeipitia kazi ile slaidi kwa slaidi, aliwaambia watu kwamba yale yalikuwa maoni yangu binafsi. Miaka minne imepita na sentensi hiyo bado inaniuma.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye kiini. Atomi ya seriamu ni kubwa mno kukaa kwa raha katikati ya nikeli na titaniamu. Haiyeyuki humo, ila kidogo sana. Inajitenga, inashikana na nikeli, na kujenga chembe zake pembeni, nyingi zikiwa kwenye mipaka ya punje, yale mafuwele madogo yanayoijenga aloi. Chini ya darubini ya elektroni nilizikuta ziking'aa nyeupe kama punje za mchele zilizomwagwa kwenye sakafu ya saruji. Ndani yake kila atomi ya seriamu ilikuwa na karibu atomi moja ya nikeli.

Basi piga hesabu. Nikeli 50.7, titaniamu 49.3. Seriamu moja ikiondoka na nikeli moja, zinabaki 49.7 kwa 49.3, yaani nikeli asilimia 50.2. Na katika aloi zenye nikeli iliyozidi nusu, kila asilimia 0.1 inayopungua hupandisha joto la kugeuka kwa takriban nyuzi 10. Pungufu la 0.5 linatosha kueleza nyuzi zangu zote. Seriamu ilikuwa imeiba nikeli, mimi nikaisifu kwa kazi isiyo yake.

Nilithibitisha kwa kutengeneza aloi pacha: nikeli asilimia 50.2, bila chembe ya seriamu. Nilipoweka michoro yote miwili ya DSC kwenye skrini moja, vilele vilikaribia kulaliana. Nilikaa mbele ya ile skrini hadi mlinzi akaja kufunga jengo. Makala yangu ya kwanza iliyokubaliwa imesimama juu ya picha hiyo, na ninajivunia.

Kwa hiyo, mdogo wangu, tengeneza pacha kwanza. Usingoje kuulizwa. Hesabu nikeli kabla ya kuyeyusha, ihesabu tena baada ya kuyeyusha, kwenye mwili wa aloi penyewe, nje ya zile chembe, usiridhike na ulichopima kwenye mizani. Tunataka kutangaza ugunduzi haraka, hasa sisi tuliotoka mbali na tunaosubiriwa nyumbani, na haraka hiyo inatufanya tuone sababu pasipokuwepo. Msimamizi akikusifu, hesabu. Akikunyamazia, hesabu.

Kuhusu chaguo lako: kama lengo ni kifaa kionekane vizuri kwenye eksirei, gadoliniamu ina maana, kwa kuwa inazuia miale zaidi kuliko nikeli na titaniamu. Lakini anza na kiasi kidogo. Zile chembe za mipakani ni dhaifu. Donge langu lenye seriamu nyingi zaidi lilipasuka kwenye roli, mashine ya kulibana liwe bamba, likiwa bado jekundu kwa moto, ufa ukaanzia ukingoni ukafika katikati. Na kabla ya kulipitisha lako kwenye roli, kata kipande cha DSC ukiweke pembeni.