Maswali na majibu: Kabla hujatangaza kipindi cha mzunguko wa nyota yako

Nyota mbili nzito zinazozungukana hutoa eksirei kutoka wapi? Kwenye uso wake?

Hapana. Kila moja inavumisha upepo wake, na pepo hizo zikigongana gesi hupata joto la makumi ya mamilioni ya digrii. Katika Eta Carinae, jozi mojawapo ya nyota kama hizo, upepo wa nyota ndogo unakwenda takriban kilomita 3,000 kwa sekunde. Hata nyota nzito iliyo peke yake hutoa eksirei, ila hafifu zaidi na za nishati ndogo.

Mwalimu, nina vipimo viwili vya XMM-Newton, darubini ya eksirei iliyo angani. Cha pili kimepanda kwa theluthi. Nyota yangu ina mwenzake?

Swali hili haliishi! Nukta mbili hazifanyi kipindi. Umechora mandharinyuma (mionzi isiyotoka kwenye nyota) ya juu ya keV 10, yaani ya nishati kubwa, uone kama protoni zilifurika siku hiyo? Hujachora, maana ungenitumia. Na wenzako wanaotumia Chandra, darubini nyingine ya eksirei, wasicheke: nyota ikiwa angavu, fotoni mbili hutua pamoja ndani ya fremu moja, kigunduzi kikazihesabu kama moja yenye nishati kubwa. Hapo nyota inaonekana imefifia na kupata joto, kumbe haijafanya lolote.

Eksirei za Eta Carinae huzimika kila miaka mitano na nusu. Ikishajulikana hivyo, ya nini kuendelea kuipima?

Kwa sababu hiyo "ikishajulikana" ndiyo iliyowaponza watu. Obiti yake ni ya siku 2,023 hivi, tena imerefuka mno. Nyota zikikaribiana eksirei huongezeka, kisha huporomoka ghafla karibu na sifuri. Upepo mzito wa nyota kubwa unaziba, sawa, lakini kuziba peke yake hakutoshi kueleza; inaelekea mgongano wenyewe nao hulegea. Setilaiti ya eksirei ya RXTE iliifuatilia tangu 1996. Kuzimika kwa mwisho wa 1997 na kwa 2003 kulishabihiana, wengi wakaridhika. Mwaka 2009 eksirei zikarudi mapema kwa takriban mwezi mzima. Kuingia gizani kuna ratiba, kutoka, hakuna. Jambo hilo lisingegunduliwa na picha moja nzuri ya saa nyingi, aina ambayo wagawaji wa muda wa darubini wanaipenda kupita kiasi. Liligunduliwa na vipimo vifupi vifupi, mwaka baada ya mwaka.

Naweza kupima kwa darubini ya ardhini?

Angahewa inazimeza eksirei zote.

Grafu yangu ya darubini ya eksirei ya NICER inakatika kila dakika 90. Ni mzunguko wa nyota?

Ni Dunia, ndugu yangu. NICER imefungwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, na huo ndio muda wa kituo kuizunguka Dunia. Tena data zake za mchana baada ya Mei 2023, mwanga wa Jua ulipoanza kupenya, zitazame kwa jicho kali.

WR 140, jozi nyingine ya nyota nzito, nayo?

Karibu miaka minane kwa mzunguko. Ukiikosa safari hii, jipange. Wakati unasubiri, vipimo vya RXTE viko wazi kwenye hifadhi ya HEASARC ya NASA. Vimalize hivyo kwanza ndipo uombe muda mpya.