Tokyo kwa miguu: kwa mnaokuja kusoma

Wadogo zangu mnaokuja Tokyo, mtaambiwa mengi kuhusu treni. Zinafika kwa dakika iliyoandikwa, na kadi moja ya Suica inalipia treni, basi na hata chupa ya maji dukani. Hayo mtayazoea upesi. Mgeni huanza kuhangaika akishatoka stesheni, yuko barabarani na hajui aelekee wapi.

Stesheni ya Shinjuku ina milango ya kutokea zaidi ya 200. Mtu akikwambia mkutane Shinjuku bila kutaja mlango, mpigie kabla hujatoka nyumbani. Ukitokea mashariki naye yuko magharibi, kati yenu kuna reli chungu nzima, na kuzunguka kunachosha. Soma vibao vya manjano vya kutokea ukiwa bado ndani, kabla umati haujakubeba.

Halafu kuna anwani. Njia nyingi za mitaani hazina majina. Unapewa jina la mtaa na namba, tuseme 2-11-3: ya kwanza ni sehemu ya mtaa, ya pili ni kitalu cha majengo, ya tatu ni jengo lenyewe, na namba za majengo si lazima zifuatane. Ramani ya simu itakufikisha kwenye kitalu, kisha itakutangazia kuwa umefika nawe umesimama nyuma ya jengo, unatazamana na ukuta. Angalia vibao vidogo kwenye nguzo. Vikishindikana, tafuta koban.

Koban ni kituo kidogo cha polisi, aghalabu chumba kimoja chenye taa nyekundu mlangoni, na stesheni kubwa hazikosi kuwa nacho karibu. Najua tulivyozoea kumkwepa askari. Hapa kuelekeza watu ni sehemu ya kazi yake. Mwonyeshe anwani iliyoandikwa kwa Kijapani, usijaribu kuitamka. Atafunua ramani ya mtaa inayoonyesha jengo kwa jengo, atatembeza kidole kutoka hapo mlipo, kona ya kwanza, kona ya pili, mpaka unakokwenda. Wengine hutoka nje kabisa wakunyooshee mkono. Pochi ikipotea, ulizia hapo hapo. Ila kadi ya ukaazi uwe nayo mfukoni wakati wote. Sheria inataka hivyo, na wanaweza kukuulizia.

Ukishayajua haya, siku ya mapumziko achana na treni. Laini ya Yamanote inazunguka katikati ya jiji kwa vituo 30, kilomita 34.5, kwa hiyo kutoka kituo hadi kituo ni mwendo wa kilomita moja na kidogo. Pita vichochoro vya nyuma. Huko ndiko watu wanakoishi: vyungu vya maua vimepangwa hadi ukingoni mwa njia, futoni, yaani magodoro ya kulalia sakafuni, zimeanikwa barazani ghorofani, na jioni vipaza sauti vya mtaa hupiga wimbo wa kuwaambia watoto warudi nyumbani. Kwa maoni yangu, hii inashinda kupiga picha kwenye njia panda ya Shibuya. Beba mfuko wa taka zako, maana mapipa ni adimu. Magari yanapita kushoto kama kwetu, hayatakusumbua. Jihadhari na baiskeli, zinakuja nyuma yako juu ya njia ya waenda kwa miguu bila kelele.

Ukitaka kuliona jiji kutoka juu, usilipie mnara kwanza. Jengo la serikali ya jiji, Shinjuku magharibi, lina ghorofa ya kutazamia, ya 45, mita 202 juu, na kupanda ni bure. Nenda asubuhi ya baridi isiyo na mawingu, utauona mlima Fuji.

Nyama ya halali, dengu na viungo vinapatikana Shin-Okubo, kituo kimoja tu kaskazini ya Shinjuku. Waislamu, msikiti mkubwa wa Tokyo Camii uko karibu na stesheni ya Yoyogi-Uehara.

Treni za mwisho huondoka kama saa sita na nusu usiku, na hakuna nyingine mpaka karibu saa kumi na moja alfajiri. Teksi itakumalizia posho. Usiku ukipita Kabukicho, mtaa wa baa na starehe huko Shinjuku, wapiga debe wa baa watakusemesha kwa Kiingereza kitamu na kukutajia bei ndogo. Usisimame hata kuwajibu. Bili ya kweli hutolewa ukishakunywa.