Nafasi ya hewa nyuma ya mbao za mwerezi
Je, mbao za mwerezi zinazofunika ukuta kwa nje zinahitaji kuachiwa nafasi ya hewa nyuma yake? Ndiyo, iachwe, hata kama mbao hizo ni za mwerezi mwekundu usiooza upesi, kwa sababu kinachoharibika kwanza ni ukuta uliofichwa nyuma yake. Mvua inayosukumwa na upepo hupenya kwenye viungo na matundu ya misumari. Maji yakikuta nafasi iliyo wazi chini na juu, huteremka na kutoka, na unyevu unaobaki hukaushwa na hewa, ilhali ubao uliobanwa moja kwa moja ukutani huyashikilia mpaka ukungu ukaota. Vancouver, nchini Kanada, walijifunza hilo kwa gharama kubwa: kuta za maelfu ya makazi ya ghorofa yaliyojengwa katika miaka ya 1980 na 1990 zilioza kwa ndani, na kanuni za taifa za ujenzi za mwaka 2005 zikadai nafasi ya angalau milimita 10 kwenye maeneo yenye unyevu mwingi. Binafsi ningepigilia papi (vipande vyembamba vya mbao) za wima zenye unene wa takriban milimita 19, pamoja na wavu wa kuzuia wadudu, na misumari ya chuma kisichoshika kutu, maana ile ya kawaida huacha madoa meusi kwenye mwerezi.

Tahadhari moja ya afya: vumbi la mwerezi huo linajulikana kusababisha pumu kwa mafundi, hivyo mbao zikatwe nje, na fundi avae barakoa ya vumbi.