Maswali na majibu: mayai ya kanga na vifaranga wake

Niliweka mayai ya kanga na ya kuku siku moja kwenye mashine. Ya kuku yametotolewa yote, leo ni siku ya 23 na ya kanga yako kimya. Niyatupe? – Msomaji, Kahama

Usitupe hata moja, ndugu yangu. Kuku ni siku 21, kanga ni 26 hadi 28. Kinachonipa wasiwasi ni zile siku tatu za mwisho za kuku: bila shaka uliacha kugeuza mayai na ukaongeza maji, kama inavyotakiwa kwa kuku. Kiinitete cha kanga wakati huo bado kichanga, na yai lisipogeuzwa hugandia upande mmoja. Toa maganda na manyoya ya kuku, maana kwenye joto lile uchafu unaoza haraka. Kisha rudi kugeuza mara tatu kwa siku hadi siku ya 25. Joto libaki nyuzi 37.5, unyevu asilimia 55 hivi. Siku ya 25 acha kugeuza, pandisha unyevu ufike 70, funga mlango na uache kuchungulia.

Unaweza kupima kwa tochi, ila ganda la kanga ni nene na lina rangi ya kahawia, tochi ya simu ya kawaida haioni kitu. Tafuta tochi kali na chumba chenye giza totoro. Yai viza litoe mapema kabla halijapasukia mle ndani. Safari nyingine anza na kanga, mayai ya kuku yafuate siku sita baadaye, watatoka pamoja.

Sina mashine, nina koo wa kienyeji anayeatamia. Anaweza kulalia mangapi? – Mama mfugaji, Singida

Mayai ya kanga ni madogo, kwa hiyo 15 hayamshindi, na koo mwenye mwili hufika 20. Mnyunyizie dawa ya unga ya utitiri kabla hajalala. Chagua yule asiyebanduka kirahisi, kwa sababu utamwongezea karibu wiki nzima juu ya zile siku alizozoea. Chakula na maji viwe hatua mbili tu kutoka kwenye kiota. Kanga mwenyewe kulea? Mimi simwamini. Huwaburuza watoto kwenye majani yenye umande alfajiri, na kifaranga wa kanga akilowa, baridi inammaliza.

Vifaranga wanatoka wazima, ndani ya wiki wanakufa. Wengine miguu inatawanyika kama vyura. – Msomaji, Morogoro

Umetandika magazeti, sivyo? Yanateleza. Tandika gunia safi siku za mwanzo, baadaye maranda ya mbao. Kwenye chombo cha maji weka kokoto, ibaki nafasi ya mdomo tu, vinginevyo wanazama. Joto la wiki ya kwanza ni nyuzi 35, ukishusha nyuzi tatu kila wiki. Wakijirundika chini ya taa wanasikia baridi. Wakikimbilia kwenye kuta na kuhema, inua taa.

Chakula ndipo wengi wanapokosea. Kifaranga wa kanga anataka protini ya asilimia 24 hadi 26, na chakula cha vifaranga wa kuku wa mayai hakifiki hapo. Tumia cha bata mzinga ukikipata. Ukikikosa, chukua cha kuanzia cha kuku wa nyama na uongeze dagaa waliosagwa, wasio na chumvi, au mchwa.

Dume na jike nawatambuaje? – Msomaji, Dodoma

Sikiliza kuanzia wiki ya nane. Mlio wa vipande viwili unaorudiwarudiwa ni wa jike. Dume hana huo. Mlio wa kipande kimoja usikudanganye, hata jike huutoa akishtuka. Wakikomaa, vining'inio vyekundu vya mashavuni mwa dume huwa vikubwa zaidi.

Kanga wangu wanatagia vichakani. – Msomaji, Babati

Wengi hutaga kati ya saa tano asubuhi na saa nane mchana, basi wafungie bandani hadi saa nane. Ukikuta kiota nje, bakiza mayai manne au matano. Ukikomba yote wanahama.

Nimeokota mayai ya kanga pori, niyatotoleshe? – Msomaji, Manyoni

Hapana. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, yai hilo ni nyara ya serikali. Nunua kwa mfugaji, na kabla ya kuanza pita kwa ofisa wanyamapori wa wilaya ukaulize habari za kibali. Kenya nako, kufuga kanga kunahitaji kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la nchi hiyo.