Re: Sare za askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki) kwa igizo letu la mwaka 1916

Ndugu, hayo magwanda ya mabaka uliyouziwa yarudishe. Hayakuwepo 1916, na hapa Uganda raia akivaa sare za jeshi anashtakiwa. Hata bereti nyekundu imo katika orodha ya mavazi ya jeshi yaliyokatazwa kwa raia tangu 2019. Mwandikieni kamanda wa polisi wa wilaya kabla ya igizo.

Nunueni kitambaa cha kaki cha pamba tupu. Poliesta hung'aa juani. Kifueni kabla ya kukata, la sivyo kaptula zitanywea baadaye. Vifungo tu, zipu hapana. Vitambaa vya miguuni, upana sentimita 10, urefu mita 2.7 hivi, zungusheni kutoka kifundoni kwenda juu, mfunge chini ya goti, mkilegeza vitaporomoka. Viatu? Wengi walitembea peku, kwa hiyo buti ziacheni.